MAONI YETU: PAMPU ZA JUA TUSISAINI MMOJA MMOJA



Tangu malipo ya kahawa yaanze, vijana wenye pikipiki wanapita nyumba kwa nyumba wakiuza pampu za jua kwa mkopo wa simu. Wanachama sita wameshatia saini na wengine wengi wanataka. Hatuwalaumu. Kila mwenye bustani bondeni anakumbuka petroli ilipovuka Sh. 3,000 kwa lita mwaka 2022, mashine zikalala mabandani huku nyanya zinanyauka. Pampu ya jua haili petroli na haitoi moshi. Hilo halina ubishi. Ubishi wetu ni juu ya namna ya kulipa.

Tueleze kwanza jambo hili lilikotoka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kabla ya hapo nani angemkopesha mtu wa kijijini taa ya jua? Kumfuata mdeni mmoja mlimani kudai shilingi mia chache, nauli peke yake ingemaliza deni. Simu ikaondoa safari hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza taa za jua huko Kenya: mteja alitanguliza kidogo, kisha alilipa kwa simu kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Ukilipa, chombo kinawaka. Usipolipa, kinafungwa kutoka mbali, maana ndani yake kuna laini kama hiyo iliyo kwenye kitochi chako. Vyombo vingine havina laini. Unatumiwa namba kwa ujumbe, unaibonyeza, kinafunguka kwa siku ulizolipia tu. Hizi pampu wanazotuletea zinafungwa kwa njia hiyo hiyo.

Ni akili kubwa, na vibatari vingi vimezimika kwa sababu yake. Lakini jamani tazameni akili hiyo imekwenda wapi kwanza. Imekwenda penye mnara, penye wakala mwenye salio, na penye watu wanaoshika fedha mara kwa mara. Mfugaji wa Kiambu anayepeleka maziwa kwenye ushirika hulipwa kila mwezi. Mwenye genge mjini anashika fedha kila jioni. Hao deni la kila siku wanaliweza. Jua la Turkana ni kali kuliko la Kiambu, lakini biashara ya jua haikufuata jua, ilifuata fedha za kwenye simu. Mpaka mwaka 2017 ikabidi uanzishwe mpango wa KOSAP, kwa fedha za Benki ya Dunia, kupeleka nishati ya jua kwenye kaunti 14 za Kenya zilizoachwa nyuma, Turkana ikiwemo.

Sasa sisi tuko upande gani? Fedha yetu sisi ni ya msimu. Kahawa ikishalipwa, mfuko una uzito miezi michache, na kufika Machi hata chumvi inakopwa dukani. Mwezi huo huo wa Machi mvua inanyesha, pampu imelala ndani, deni linatembea. Unaingia Juni na Julai una malimbikizo, ndipo bustani inataka maji, ndipo chombo kinafungwa. Mwenzetu mmoja wa kitongoji cha juu yalimkuta hayo mwaka jana, kabichi zikiwa zinaanza kufunga. Alipopata fedha akalipa, lakini namba ya kufungulia ilikuja kwa ujumbe, na kwake mtandao haushiki mpaka upande kilimani. Siku mbili zikapita kabla hajaiona. Kampuni hatuitaji hapa, kwa kuwa mikataba tuliyoonyeshwa na wauzaji mbalimbali inafanana.

Na kampuni nazo hufa kama watu. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa na wateja wa umeme wa jua Tanzania, Kenya na Rwanda. Mwaka 2019 ikafilisika, ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Ile ilipata mnunuzi. Je, isiyopata mnunuzi, nani atakutumia namba ya kufungulia pampu uliyokwisha ilipia nusu?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Wanaotaka pampu wajiandikishe kwa katibu, na ushirika uzungumze na muuzaji kwa niaba ya wote, mkataba mmoja wa Kiswahili. Malipo yawe baada ya mauzo ya kahawa, si kila mwezi. Muuzaji aseme mbele ya mkutano bei taslimu ni kiasi gani na jumla ya mkopo ni kiasi gani, tupige hesabu wenyewe tuone tofauti. Aseme fundi atatoka wapi. Aseme pia deni likiisha, kufuli linaondoka moja kwa moja au vipi. Mtu mmoja akiuliza hayo ataambiwa aache kama hataki. Wakiuliza watu arobaini, muuzaji atakaa chini.

Wapo wanaosema fedha ikishikwa na ushirika hupotea njiani. Tumewasikia, na woga huo hautoki hewani. Basi kila makato yaandikwe na kubandikwa hapa hapa ukutani, jina kwa jina, kila mtu asome ya kwake na ya jirani.

Halafu kuna suala la mnara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu kujenga minara 758 kwenye kata 713. Kitongoji cha juu mpaka leo wanapanda kilimani. Mnara siku hizi ni pembejeo kama mbolea, na Diwani ameombwa aje atueleze watu wa juu wamewekwa fungu gani.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kwenye ghala la kahawa. Wale sita waliokwisha saini tunawaomba waje na mikataba yao isomwe kwa sauti. Ambaye hajasaini, asubiri hadi Jumamosi.