Tuulize Kwanza: Maji Yamechujwa?

Kila kipindupindu kinapotajwa hapa Mombasa, jibu la kwanza tunalosikia ni klorini. Dawa ya maji inagawiwa mitaani, na tunaahidiwa kuwa majitaka yatatiwa dawa kabla ya kumwagwa. Mimi sipingi dawa. Ninachouliza ni kama maji hayo yamechujwa kwanza.

Kufua nguo kwa maji ya tope ni kupoteza sabuni. Klorini nayo ni hivyo hivyo. Ikitiwa kwenye majitaka yasiyochujwa, nguvu yake huishia kwenye uchafu na amonia, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe za uchafu husalimika. Hata mitambo inayotumia miale ya urujuanimno badala ya klorini hukwama, kwa sababu chembe hizo hutia kivuli. Ukizidisha dawa, gharama hupanda, na klorini inayobaki huua samaki wa wavuvi wetu.

California, Marekani, majitaka yanayosafishwa ili kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi hupitishwa kwanza kwenye chujio. Yakichujwa kwa mchanga, kiwango cha tope hakitakiwi kuzidi wastani wa NTU 2 kwa siku. Hapo ndipo hutiwa dawa.

Na kwenye maji ya kunywa, Milwaukee ilijifunza kwa uchungu mwaka 1993. Uchujaji ulilegea katika mtambo mmoja, na watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 wakaharisha. Klorini ilikuwemo. Lakini kijidudu kilichowaugua, Cryptosporidium, hakisumbuliwi na klorini. Kinachokizuia ni chujio.

Sisi wengi hatujaunganishwa na bomba la majitaka. Tuna vyoo vya shimo, na visima haviko mbali navyo. Basi nyumbani, maji yakiwa na tope, tuyaache yatulie, tuyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha tutie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Lakini kitambaa cha mama hakiwezi kubeba mzigo wa kaunti. Mradi wa majitaka ukitangazwa tena, tusiridhike kuonyeshwa mapipa ya klorini. Tuulize chujio liko wapi, nani atalisafisha, na kiwango cha tope kitapimwa na kutangazwa lini. Bila majibu hayo, pesa zetu zitakwenda na maji, na maradhi yatabaki nasi.