Simba wa Vita na Kodi ya Miezi Sita

Vijana wenzangu, tuache uvivu. Tukiandika Magomeni tunaandika taarabu, vigodoro na dada wa dirishani. Nyumba yenyewe hatuigusi. Eti kodi si fasihi!

Barabara inayoukata mtaa wetu inaitwa Kawawa. Muulize anayegombea daladala pale, Kawawa ni nani? Atakwambia, "Si mzee mmoja wa serikali?" Basi, kaishia hapo.

Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa 1955. Mshahara wa kibarua aliujua. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Mwaka huohuo Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa. Vibanda vya udongo vikabomolewa, Magomeni ikapata nyumba za matofali za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Kwa hilo nampigia saluti.

Ugomvi wangu unaanzia hapohapo 1962. Serikali aliyoiongoza ilitunga sheria ya kubana migomo. Mwaka 1964 TFL ikafutwa, ikaja NUTA, mtoto wa dola. Yaani mtu aliyepanda ngazi ya chama cha wafanyakazi, wenzake walipotaka kupanda, ngazi ikavutwa juu. Kibarua akapewa paa, akanyang'anywa mdomo.

Najua mtasema taifa lilikuwa changa. Sawa. Lakini tuone kilichofuata. Miaka ya 1970 serikali ilizidiwa na gharama, ikageukia kugawa viwanja Sinza na Kijitonyama: jenga mwenyewe. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ya pango ikafutwa. Mpangaji wa kawaida hakuwa na chama chenye meno cha kuuliza, "Na sisi je?" Leo napanga chumba kimoja, choo cha kuchangia, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Mshahara unaingia kila mwezi, jamani! Hiyo mitano mingine niitoe wapi?

Msiniambie kudai hakufai kitu. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zao zikavunjwa. Hazikunyamaza. Machi 2022 maghorofa mapya yalizinduliwa palepale. Walichelewa, lakini walidai kwa pamoja. Sisi wa chumba kimoja kimoja kila mtu anambembeleza mwenye nyumba wake mlangoni, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuitwa waandishi, ombi langu ni moja. Andikeni huo mlango. Andikeni dalali anayekula kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha chumba. Kisha tuanze umoja wa wapangaji, mtaa kwa mtaa, kama Kawawa alivyoanza na wafanyakazi, kabla hajawa mkubwa.