Mgonjwa Naye Aulizwe



Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ni njema. Inamkataza jirani mvivu kusimama mlangoni na kuuliza kama uji unahitajika, hali anaona wazi kwamba jiko la mgonjwa limepoa. Yampasa aupike na kuuleta. Lakini wapo wanaoichukua kuwa ruhusa ya kutomwuliza mgonjwa neno lolote: kama uji ulikuwa wa moto mno, kama aliweza kuumeza, kama aliyemnywesha alimharakisha, kama tangu jana amegeuzwa ubavu. Makala haya yanatetea rai moja: uji na upikwe bila kuuliza, lakini ukisha kunywewa, mgonjwa na aulizwe, na jibu lake liwe kipimo cha kwanza cha huduma yetu.

HUDUMA TULIYOIRITHI

Kuwahudumia wagonjwa nyumbani si jambo geni katika nyanda hizi za Kusini Magharibi. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mkoa wa Mbeya, ambao Songwe ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2016, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana. Vitanda vya hospitali havikutosha, na wengi walirudishwa nyumbani kufa. Hapo ndipo walipojitokeza watu wa kujitolea. Mjini Mbeya kikundi cha KIHUMBE kiliibeba kazi hiyo katika jina lake lenyewe: Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam, Kanisa lilianzisha PASADA mwaka 1992. Mwaka huohuo Papa Yohane Paulo II aliiweka Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bila malipo mwaka 2004, wengi waliokuwa wakingojea kifo waliinuka na kurudi shambani. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo nyumba zetu hazikukosa wagonjwa. Katika kata kama Ruanda, wilayani Mbozi, mtu mzima anayelala ndani leo huenda ni mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, baba aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mwenye saratani aliyeambiwa arudi nyumbani, au bibi ambaye macho na magoti yamechoka, na watoto wake wako Tunduma kwenye biashara. Maradhi ya namna hii hayaishi kwa mwezi mmoja, huchukua miaka. Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, kila mwenye mikono yuko shambani, na mgonjwa hubaki na mtoto mdogo au peke yake.

TUNAHESABU NINI?

Kipimo tulichokizoea ni daftari. Mwisho wa mwaka kikundi husoma taarifa: ziara kadhaa, kilo kadhaa za unga, vipande kadhaa vya sabuni. Waamini hupiga makofi, nao wanastahili kupiga. Lakini tumejua nini juu ya mgonjwa?

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alieleza kwamba ubora wa tiba hutazamwa kwa pande 3: vilivyopo, yaani watu na vifaa, yanayotendwa, na matokeo kwa mgonjwa mwenyewe. Daftari zetu hukaa katika upande wa kwanza na kugusa kidogo ule wa pili. Tuchukue mfano. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia asipogeuzwa kila baada ya saa chache. Kikundi kinaweza kumtembelea kila Jumatano, kikasali, kikaacha sukari na sabuni, daftari likajaa, na huku kidonda kinachimba mgongo hadi mfupani. Hakuna aliyedanganya. Ila hakuna aliyefunua shuka.

Msamaria mwema katika Injili ya Luka hakuridhika kufunga majeraha na kutoa dinari 2. Alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi. Ahadi hiyo ina maana kubwa kwetu: alitaka kujua kama sadaka yake imemfikia aliyeumizwa, na kama kuna deni lililobaki.

KUMSIKILIZA ALIYE KITANDANI

Kumwuliza mgonjwa si jambo la kukisia. Kuna njia zilizokwisha kujaribiwa Afrika. Chama cha Afrika cha tiba shufaa, APCA, kilichoundwa rasmi Arusha mwaka 2004, kina kipimo chenye maswali 10 tu. Maswali 7 huulizwa mgonjwa: juu ya maumivu, dalili nyingine za ugonjwa, wasiwasi, kama ameweza kuwaeleza watu wake yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama amepata msaada wa kupanga mambo yake ya mbele. Maswali 3 huulizwa ndugu anayemwuguza: kama ameelezwa vya kutosha, kama anajiamini katika kazi hiyo, na kama ana hofu. Majibu hutolewa kwa alama kuanzia 0 hadi 5, na asiyejua kusoma huweza kuonyesha kwa vidole vya mkono mmoja.

Tutambue kwamba swali la kwanza ni la maumivu. Hili ni suala la haki, wala si la huruma tu. Nchini Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, sheria iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika dawa ya mofini, ili maumivu makali yatulizwe hata mgonjwa akiwa nyumbani mbali na daktari. Mgonjwa wa kwetu anayeonyesha vidole 5 usiku kucha anatuambia kwamba sala zetu zinahitaji kwenda pamoja na safari ya kwenda zahanati na hospitali kudai dawa yake.

PINGAMIZI MBILI

Wengine watasema: hawa ni watu wa kujitolea, hawalipwi, ukianza kuwapima watakata tamaa. Hofu hiyo ina msingi kama kupima maana yake ni kutafuta mkosaji. Lakini mtu wa kujitolea huvunjika moyo zaidi anapofanya kazi miaka mingi bila kujua kama inasaidia. Akionyeshwa kwamba mgonjwa wake ameshuka kutoka vidole 4 vya maumivu hadi kimoja, amepata malipo ambayo daftari la ziara haliwezi kumpa.

Wengine watasema: mgonjwa hatasema kweli, atasifu tu, maana anaogopa kunyimwa hata hicho kidogo. Pingamizi hili ni zito zaidi, na ni la kweli. Aliye kitandani anamtegemea yule anayemwuliza. Kwa hiyo mwulizaji asiwe yule yule mhudumu. Aulize mgonjwa akiwa faraghani, bila mkwe au jirani kusimama karibu. Aulize kwa lugha ya nyumbani, Kinyiha au Kinyamwanga, kwa kuwa si kila mzee anaweza kueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Na jibu litunzwe kwa siri kabisa. Ugonjwa wa mtu usigeuzwe kuwa tangazo la Jumapili.

HAKI YA ANAYEHUDUMIA

Ubora wa huduma hauwezi kutenganishwa na hali ya mtoa huduma. Katika nyumba nyingi mzigo huu umetwishwa mwanamke mmoja: mke, binti au mkwe. Analima, anapika, anafua matandiko, anaamka usiku. Akichoka akamkaripia mgonjwa, tusimhukumu kabla ya kujiuliza tulikuwa wapi. Kazi ya kumgeuza na kumwinua mgonjwa ni ya nguvu za mwili. Akina baba wa UWAKA na vijana wa VIWAWA hawana udhuru wa kuwaachia WAWATA peke yao.

Aidha, huduma iliyojengwa juu ya fedha za mbali ni dhaifu. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, miradi ya afya katika nchi nyingi za Afrika iliyumba kwa siku chache tu. Serikali yetu, kwa upande wake, ilizindua Januari 2024 mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Ni wajibu wa raia, nasi Wakristo tumo, kuuliza katika mkutano wa kijiji: wa kitongoji chetu ni nani, na anawafikia waliolala ndani? Huko Zanzibar kila mzee mkazi aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni tangu Aprili 2016, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Wazee wa Bara nao wana haki ya kuuliza.

TUNAPENDEKEZA

1. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwe na orodha ya watu wazima wasioweza kutoka nyumbani, bila kubagua dini wala dhehebu.
2. Mara moja kwa mwezi mtu asiyekuwa mhudumu wao awaulize maswali machache: juu ya maumivu, usafi, chakula, upweke na heshima.
3. Yule anayeuguza aulizwe naye, na apangiwe mtu wa kumpokea angalau siku moja kwa juma.
4. Parokia imwombe mwuguzi wa zahanati awafundishe wahudumu kumgeuza mgonjwa, kuosha kidonda na kutambua hatari.
5. Taarifa ya mwaka itaje kilichobadilika kwa wagonjwa, siyo ziara peke yake, na bila kutaja majina yao.

Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji watu walio tayari kusikia jibu wasilolipenda. Mgonjwa akituambia kwamba tumekuja mara nyingi lakini hatukumsaidia, asihesabiwe kuwa mkosefu wa shukrani. Ametufanyia kazi ya kinabii.

MASWALI KWA JUMUIYA

1. Ni nani katika eneo letu ambaye hajaonekana nje kwa miezi mitatu, na nani alimwona mara ya mwisho?
2. Mara ya mwisho tulipomtembelea mgonjwa, tulimwuliza nini, naye alijibu nini?
3. Ni jambo gani katika majibu hayo lililo juu ya uwezo wetu, ambalo yatupasa kulipeleka kwa viongozi wa kijiji na kata?