Familia Ikitembea Bila Kukimbia

Mapumziko makubwa ya masomo yamekaribia, na wazazi wengi wanatuuliza ni kitu gani chema wanachoweza kuwafanyia watoto bila fedha nyingi. Jibu letu ni fupi: chukueni mkeka, sufuria na maji, mtembee pamoja hadi ziwani, mlale huko usiku mmoja, mrudi nyumbani. Lakini jibu fupi linahitaji maelezo, maana hapa kwetu Tanganyika mtu anapoona baba, mama na watoto wanafuatana njiani na mizigo kichwani, haulizi wanakwenda wapi. Anauliza wanakimbia nini.

Hatuwezi kumlaumu. Katika miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwatoa watu kwa mamia ya maelfu katika makao yao, na njia za jimbo letu zilijaa familia zilizobeba kile walichoweza kukiokoa. Ndiyo sababu, machoni pa watoto wetu wengi, kutembea pamoja na mizigo ni alama ya msiba. Sisi tunaona kwamba ni wajibu wa wazazi kuwafundisha maana nyingine ya mwendo huo huo.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa saba, tuliondoka Kirungu alfajiri, sisi pamoja na mama wa nyumba na watoto wanne. Haikuwa safari ya kishujaa. Kutoka Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville wakati wa ukoloni, hadi Moba bandarini ni mteremko ambao hata mtoto wa miaka sita anaumaliza katika asubuhi moja, akipewa nafasi ya kupumzika. Kisha tulifuata ukingo wa maji hadi kijiji cha wavuvi, ambako rafiki mmoja alikuwa ametukubalia kulala uani mwake.

Katikati ya mteremko, bibi mmoja aliyebeba kuni alisimama. Alitazama mikeka yetu, akamwuliza binti yetu wa tatu: «Mjukuu wangu, vita iko wapi?» Mtoto hakujua la kujibu, akatugeukia. Tukasema: «Hapana vita, mama. Tunakwenda kutazama ziwa.» Bibi akacheka kwa sauti. «Ziwa liko pale tangu nizaliwe, mwalimu. Nani hajaliona?»

Swali lake lilitufuata njia nzima. Ni kweli, watoto wetu waliliona ziwa kila siku kutoka mlimani, na mara nyingi walitumwa bandarini kununua samaki. Lakini hawakuwa wamewahi kukaa kando yake bila kutumwa. Walijua bei ya ndakala, hawakujua jinsi wanavyovuliwa. Sisi wenyewe tumefundisha darasani kwa miaka mingi kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, kwamba kina chake hufika meta 1.470, na kwamba duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Wanafunzi huandika hayo daftarini, na baada ya mtihani huyasahau.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Giza lilipoingia, mitumbwi ilitoka, na taa zikawaka juu ya maji moja baada ya nyingine, hata mdogo wetu akauliza ule ni mji gani. Mwenyeji wetu akamweleza kwamba ndakala hukusanyika penye mwanga, na kwamba mwezi ukiwa mpevu mvuvi hupata kidogo, kwa sababu nuru imetapakaa kila mahali. Asubuhi jua lilitoka upande wa Tanzania, na hapo tukaonyesha kwa mkono kile ambacho ramani haikuwa imekifikisha moyoni: kwamba nchi nne zinakunywa katika bakuli hili moja, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na kwamba maji yake hutoka kwa mlango mmoja, mto Lukuga huko Kalemie, yakienda kukutana na Lualaba. Hawatasahau, maana waliyapokea hayo miguu yao ikiwa ndani ya maji.

Tunajua wengine watasema: mama anatembea na mizigo kila siku ya maisha yake, mtamwongezea mzigo mwingine na kuuita mapumziko? Hoja hiyo ni ya haki, na tunakiri kwamba tuliikosea. Siku ya kwanza mama wa nyumba alibeba sufuria na unga, akafika, akawasha moto, akasonga bukari, huku sisi tukiwaeleza watoto habari za nyota. Binti yetu mkubwa ndiye aliyetuuliza kwa upole: «Baba, mama anapumzika saa ngapi?» Tuliona haya. Siku ya pili sufuria ilipanda mlima kichwani petu, na uji wa asubuhi tuliupika sisi na wavulana. Baba asiyekuwa tayari kubeba mzigo mzito kuliko wote na kuosha masahani, heri abaki nyumbani.

Kwa wale watakaokwenda, tuna mashauri machache. Chagueni kiangazi, njia zikiwa kavu. Kwanza ulizeni hali ya usalama. Penye mashaka, msiende, kwa kuwa ziwa halihami. Mjulisheni chifu wa kijiji kabla ya kutandika mkeka. Mtoto abebe kitu chake kidogo, nguo au kikombe, asibebeshwe hadi achoke. Na mwendo wa familia uwe mwendo wa aliye mdogo kuliko wote. Maji ya ziwa msiyanywe kabla ya kuyachemsha, maana kipindupindu kinajulikana vizuri katika pwani zetu. Chandarua kisisahauliwe. Na kabla ya kuoga, waulizeni wavuvi mahali pasipo mamba wala kiboko. Wao wanajua, sisi wa mlimani hatujui.

Familia Takatifu nayo ilizijua njia zote mbili. Ilitembea usiku kwenda Misri, ikimkimbia mfalme mwuaji. Na ilitembea kila mwaka kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, pamoja na ndugu na majirani. Yosefu hakusema kwamba, kwa kuwa njia ilikuwa ya hofu siku moja, haitakuwa tena ya furaha. Sisi watu wa mashariki ya Kongo njia ya kwanza tumeijua mno. Kama hatuwaongozi watoto wetu katika ile ya pili, nani atawaongoza?

Tulipopanda kurudi, mtu mwingine alituuliza tena tunakimbia nini. Safari hii binti yetu wa tatu hakutugeukia. Alijibu mwenyewe, bila kusimama: «Hatukimbii, baba. Tunarudi kwetu.»