Wingu la kijani aliloliona mwalimu

Hanny van Arkel alikuwa mwalimu wa shule Uholanzi, si mwanaastronomia, alipoliona mwaka 2007 wingu la ajabu kando ya galaksi IC 2497 akiainisha kwa kujitolea picha za galaksi za mradi wa Galaxy Zoo. Wingu lile ni la kijani kwa sababu mionzi mikali ya kitovu cha galaksi iliipokonya gesi ya oksijeni baadhi ya elektroni zake. Kitovu chenyewe kimeshafifia, wingu bado linang'aa! Baadaye wapenzi wengine wa anga, watu wa kujitolea tu, wakatafuta mawingu ya aina hiyo na kuyapata.

Sisi wa Uru, karibu na Moshi, nasi tuna pa kuanzia kuyatazama mawingu ya gesi yanayong'aa angani. Januari usiku, mbingu ikitakata, tazama kusini, juu ya taa za Moshi mjini. Ule ukungu hafifu ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, na ndani yake imo Nebula ya Tarantula, wingu la haidrojeni inayong'aa umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Darubini ya macho mawili inatosha. Walimu wa fizikia wa Uru, Kibosho na Old Moshi, watoeni wanafunzi nje waione, kisha wapeni picha za galaksi wazichambue wenyewe.