Kumkalisha mzee mwenye shida ya mapafu si kumtunza

Mama mmoja wa Karatu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliletwa kliniki na mwanawe. Amepikia kuni tangu ujana wake, na sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu. "Daktari, tumemkataza kazi zote. Hata maji ya kunywa tunampelekea pale alipokaa," kijana alisema.

Nilimwomba mama asimame kutoka kwenye kiti bila kujishikiza. Alishindwa. Nilipompima, mapafu yalikuwa karibu na hali ya mwaka uliopita. Kilichopungua ni nguvu za mapaja.

Nayaona haya mara kwa mara, hata kwa wazee wanaotoka Ngorongoro, ambako baridi huwafanya washinde ndani karibu na moto. Watoto hawana nia mbaya. Wanamwona mzazi anahema, wanaogopa, wanamwambia apumzike.

Lakini misuli isiyotumika husinyaa. Misuli dhaifu huchoka upesi, na mapafu hulazimika kufanya kazi zaidi kwa shughuli ileile ndogo. Mzee akihema anaogopa, akiogopa anakaa, akikaa anazidi kudhoofika. Mwishowe anaanguka usiku akienda chooni.

Mazoezi hayarudishi mapafu yaliyoharibika, ila humwezesha mgonjwa kufanya mengi zaidi kwa mapafu aliyonayo. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, wagonjwa waliobaki na madhara ya mapafu baada ya kutibiwa kifua kikuu walifanya mazoezi kwa wiki 6, na uwezo wao wa kutembea ukaongezeka.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafikishe angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Asiyeweza kufikia hapo afanye kadiri ya uwezo wake. Kwanza aonane na daktari, kisha aanze hivi:

Asimame na kuketi kwenye kiti imara mara 5, apumzike, arudie. Anyanyue chupa ya maji ya nusu lita kwa kila mkono. Atembee mahali tambarare kwanza. Milima ya Karatu isubiri. Avute hewa puani, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Kuhema kidogo si hatari, mradi aweze kusema sentensi fupi. Kama ameandikiwa dawa ya kuvuta, aitumie kama alivyoelekezwa.

Aache mara moja na apelekwe hospitali akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kuwa ya bluu, au kuhema kusikotulia baada ya kupumzika. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu.

Msisahau chakula: maharage, mayai na maziwa hujenga misuli. Na jiko la kuni litolewe nje, mbali na anapolala, kwa kuwa mazoezi hayatasaidia sana kama moshi unaendelea kuingia kifuani.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Bado anahema akipanda kilima, lakini alisimama mwenyewe kitini kunisalimia. Nyumbani, maji ya kunywa sasa anayafuata mwenyewe.