Kujifunza kutengeneza tovuti: bando lako liende wapi?

Kwa kijana wa Njombe au Makambako anayejifunza kutengeneza tovuti, somo baya ni bando lililopotea. Mfano ni huu. Februari 2025, watengenezaji wa React walitangaza kuachana na Create React App, njia ambayo wanaoanza walifundishwa kwa miaka mingi. Video za zamani bado zipo YouTube. Anayezifuata hupakua mafaili mengi, halafu anakuta onyo kwamba njia hiyo imeachwa. Kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya somo.

React ni maktaba, yaani kazi iliyokwisha andikwa na wengine kwa lugha ya JavaScript ili wewe usianze mwanzo kabisa. Maktaba hubadilika: jQuery ilitoka 2006 ikatamba, React ikaja 2013. JavaScript yenyewe ipo tangu 1995, na sisi tunaona ndiyo ya kuanza nayo. MDN na W3Schools wanaifundisha bure kwa maandishi, ambayo hula bando kidogo kuliko video, ingawa Kiingereza chake kinachosha.

Tovuti ya kutangaza bei ya viazi au parachichi haihitaji React hata kidogo. Ikiwa nyepesi, itafunguka hata kwa mkulima wa Lupembe mwenye simu ya bei nafuu.